Waliniamini Nilipokuwa Mgonjwa

Nilimwita mama mkwe wangu mchawi mbele ya kanisa zima, mchana kweupe, siku ya Jumapili, na mkononi nilikuwa nimeshika kikombe cha uji aliopika yeye. Nilifanya hivyo mimi, si mtu mwingine. Nalisema kwanza ili asidhani mtu kwamba nimekaa kujitetea. Nina hasira, na nitaieleza, lakini sitaianza kabla ya kusema hilo.

Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya tisini. Nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi karibu na Katelembo. Mume wangu alifanya kazi kiwandani Athi River. Alipanga chumba huko na kurudi nyumbani Jumamosi. Kwa hiyo boma letu, siku nyingi za wiki, lilikuwa la wanawake wawili, mimi na mama yake. Watoto wangu wawili walimwita Susu, yaani nyanya, nami nilimwita Mwaitu, mama, kama tusemavyo sisi Wakamba. Yeye aliniita Mwalimu. Hakuwahi kuniita kwa jina jingine tangu niolewe, na alilitamka kwa fahari, kama mtu anayewaonyesha wageni kabati jipya.

Mwaitu alikuwa akiuza uji. Alisaga wimbi na mtama, akauchachusha unga siku mbili, akaupika alfajiri, akaubeba hadi sokoni katika mtungi wa plastiki aliouviringishia blanketi kuukuu usipoe. Waliokuja kuuza maharagwe waliunywa, wachoma matofali waliunywa, hata chifu alituma mtu amletee. Ukimaliza kikombe, Mwaitu alikuongezea nusu bila kuuliza. Mjane tangu ujana, aliwasomesha watoto wanne kwa huo uji, mmoja wao ndiye aliyenioa.

Mimi nilikuwa na pumu. Vumbi la chaki liliichochea, na mwaka uliofuata mvua kubwa za El Nino, kuta za darasa zikiwa bado na ukungu wa kuvu, nilifika mahali siwezi kumaliza sentensi ubaoni bila kushika meza. Nikaenda kliniki moja ya binafsi mjini Machakos. Daktari aliniandikia dawa bila kuinua macho.

"Meza nane kila asubuhi. Zikiisha rudi uongezewe."

"Kuna jambo la kuangalia, daktari?"

"Meza ukishakula."

Ukishakula! Hayo ndiyo maonyo yote niliyopewa. Mwenye duka anayekuuzia sumu ya panya hukuambia uiweke mbali na watoto. Aliyeniuzia vidonge vile alinifundisha habari ya kiamsha kinywa tu.

Wiki ya kwanza nilimshukuru Mungu kwa ajili yake. Pumzi ilirudi. Nilipanda mlima wa kwenda shuleni nikiimba. Vidonge vilipoisha nilirudi, akaniongezea. Vikaisha tena, akaniongezea tena, na hakuniuliza hata mara moja nalala vipi. Nilikuwa silali. Kulipokucha nilikuwa nimeshalima mistari mitatu ya shamba na kusahihisha vitabu vya darasa zima. Nilikula kama mtu aliyetoka jela. Uso ukawa mviringo, na wanawake wakanipongeza njiani kwamba mume ananitunza. Shuleni nilimwambia mwalimu mkuu, mbele ya walimu wenzangu, kwamba kiti anachokalia ni changu. Wenzangu walicheka, wakidhani ni mzaha. Sikuwa natania.

Kisha nikaanza kusikia harufu kwenye uji.

Hapa lazima niseme jambo ambalo ningependa kulificha. Miaka michache kabla ya hapo nilimzika mtoto wangu wa mwisho. Alikuwa na mwaka mmoja na miezi michache. Surua ilimchukua kwa siku tano, na alikata roho mikononi mwa Mwaitu nami nikiwa darasani, kwa sababu siku ile asubuhi alionekana ana nafuu. Siku ya mazishi, jirani mmoja aliniinamia akaninong'oneza, "Amefia mikononi mwa nani, lakini?" Nilijiambia kwamba neno lile nimelitupa. Sikulitupa. Nililiweka mahali, nikalifunika, nikaendelea kula chakula cha Mwaitu.

Vidonge vilipanda hadi hapo vikalifunua.

Jumapili ile tulikuwa tunamkaribisha pasta mpya. Baada ya ibada kina mama waligawa chai na mikate, na Mwaitu, kama kawaida, alikuja na uji wake. Alikuwa amevaa sare ya kina mama, kitambaa cheupe kichwani. Alinipa kikombe mimi kwanza. Nilikinusa, na jambo lile likanijia si kama wazo bali kama habari iliyoletwa na mjumbe: nilijua.

"Msinywe!" nilipiga kelele. "Mnajua mtoto wangu alinyweshwa nini?"

Mwaitu alisimama na kata mkononi. "Mwalimu," aliniambia taratibu, "kaa chini. Hauko sawa."

"Mchawi! Ulimla mtoto wangu na sasa unanimaliza mimi!"

Nikautupa uji. Ulimwagikia sketi yake na viatu vyake vya kanisani. Aliinama akaanza kujipangusa kwa leso, polepole, kama mtu aliyemwagikiwa na mtoto.

Watu walikuwa zaidi ya mia. Nilikuwa natetemeka, macho yamenitoka, sauti imekauka, nimenenepa uso kama niliyevimba. Mtu yeyote mwenye macho angeona mgonjwa. Hakuna aliyenishika mkono. Hakuna aliyesema, huyu apelekwe hospitali. Walichofanya ni hiki: mama mmoja alitazama kikombe chake, akakiinamisha pembeni, akamwaga. Wa pili akamwaga. Nilisikia uji wa Mwaitu ukianguka kwenye mchanga, kikombe baada ya kikombe, na katika wazimu wangu nilifurahi.

Mume wangu, ambaye wiki ile hakuwa amekuja nyumbani, aliitwa kutoka Athi River. Kwanza waliniombea siku tatu, wakinikandamiza mabega, wakiamuru pepo linitoke, na mimi nikiwajibu kwa matusi ambayo sikujua ninayajua. Siku ya nne mume wangu alikataa. Alinipeleka hospitali ya serikali, na kwa bahati alibeba kichupa cha dawa mfukoni. Daktari wa huko, mwanamke wa makamo, alikigeuza mkononi.

"Umemeza hizi kwa muda gani?"

"Miezi mitatu," mume wangu akajibu kwa niaba yangu.

"Kila siku? Nane?" Aliweka kalamu mezani. "Na hakuna aliyewaambia kwamba zinaweza kumgeuza mtu akili?"

Alituambia pia kwamba haziachwi ghafla, mwili unaweza kuzimia. Hupunguzwa kidogo kidogo. Nililazwa, nikapunguziwa. Kwa wiki kadhaa ukungu uliondoka kichwani, na kila ulipoondoka kidogo niliona kipande kingine cha Jumapili ile. Mwishowe nikakiona kitambaa cheupe kimeinama kikipangusa viatu. Nililia hadi wagonjwa wenzangu wakamwita muuguzi.

Niliporudi nyumbani nilimkuta Mwaitu jikoni anachagua maharagwe. Nilipiga magoti kwenye sakafu ya udongo.

"Mwaitu, nisamehe."

"Nimesikia habari," alisema. "Ni dawa. Baba watoto ameniambia."

"Ni dawa, lakini naomba unisamehe."

Alitoa jiwe kwenye maharagwe, akalitupa nje ya mlango. "Ulinitukania jikoni?"

"La."

"Basi mbona unanililia jikoni?"

Akaendelea, bila kupandisha sauti. "Na usiniambie ni dawa peke yake. Dawa haikuwako siku mtoto alipofia mikononi mwangu. Ilijuaje?"

Watu wengi wangemwambia, haikuwa mimi, ulikuwa ugonjwa. Mume wangu alikuwa ameniambia hivyo hospitalini, akidhani ananifariji: haikuwa wewe. Nilitamani sana kulichukua neno lile. Lakini mbele ya mwanamke yule halikubebeka. Nikamweleza kuhusu mnong'ono wa siku ya mazishi, na kwamba sikuutupa.

Aliacha kuchagua maharagwe.

"Kwa hiyo ulikuwa nao."

"Nilikuwa nao."

"Miaka yote ile, unakula kwangu."

Aliinuka akaenda nje, akaniacha na ungo wa maharagwe. Siku hiyo ndipo nilipojifunza kwamba mtungi wake ulikuwa umepinduliwa nyuma ya ghala, mkavu. Alikuwa ameenda sokoni siku nne baada ya ile Jumapili. Alikaa kutwa. Hakuna aliyenunua hata kikombe kimoja, na mama mmoja alimwita mwanawe aliyekuwa akicheza karibu naye. Jioni alirudi na uji wote, akaumwagia ng'ombe.

Nilimwendea pasta. Nilimwambia nataka kusimama kanisani, pale pale niliposimama, nimwombe Mwaitu msamaha na kulisafisha jina lake.

"Tutafurahi sana, Mwalimu," alisema. "Utatoa ushuhuda jinsi Bwana alivyokutoa pepo."

"Hakukuwa na pepo, Pasta. Kulikuwa na vidonge."

"Vidonge ni mambo ya hospitali. Hapa tuko kanisani. Na huyo mama, tusimtaje, tusifufue mambo."

Tusifufue! Kana kwamba mambo yale yalikuwa yamekufa, nayo yalikuwa yanatembea njia zote za kijiji. Nilimwambia sawa, nikasimama Jumapili iliyofuata, nikasema nilichotaka. Nilimtaja. Nilisema, "Mama huyu hakumuua mtoto wangu. Mtoto wangu aliuawa na surua, na mama huyu alimshika hadi mwisho nami sikuwako. Mimi nilikuwa mgonjwa wa akili kwa sababu ya dawa niliyopewa vibaya, nikasema uongo mbele yenu. Mwaitu, nisamehe mbele ya hawa niliokutukania mbele yao."

Mwaitu alikuwa ameketi safu ya tatu. Aliinamisha kichwa mara moja, basi. Mtu mmoja akasema amina, na hiyo amina ikaanguka peke yake.

Nje, nikizunguka ukuta kwenda chooni, niliwasikia wanawake wawili.

"Maskini. Bado hajapona."

"Kupona wapi? Amelishwa kitu ayarudishe maneno."

Nilisimama pale nikashika ukuta. Nilipokuwa mwendawazimu, silali, naongea na kuta, naamini kiti cha mwalimu mkuu ni changu, waliniamini neno kwa neno. Hawakuuliza ushahidi, hawakungoja hata kikombe kipoe. Niliporudiwa na akili, nikasimama wima na kusema ukweli kwa sauti ya kawaida, ndipo wakaniona kichaa. Ni watu gani hawa wanaomsadiki mgonjwa na kumkana mzima? Nitakuambia ni watu gani. Ni watu ambao walikuwa tayari na neno lile midomoni, wakikosa tu mtu wa kulitamka. Mimi nilikuwa mdomo wao. Hilo halinipunguzii kosa langu. Lakini lao, nani aliwahi kuliombea msamaha?

Nilirudi pia kwa yule daktari wa kliniki. Nilitaka aandike barua, maneno machache tu, kwamba dawa zile huweza kufanya hivi, niisome mahali ambapo watu wataheshimu muhuri kuliko machozi. Mara hii aliinua macho.

"Kila dawa iko na madhara, madam. Wagonjwa wangu wengi wamemeza hizo na hawajamtukana mtu." Akafunga faili. "Kwenu kuna historia ya wazimu?"

Hakusema pole. Nimeomba msamaha jikoni, nimeomba kanisani, nimeomba njiani kwa watu nisiowadai na wasionidai neno. Yule mtu mwenye koti jeupe hajawahi kuomba popote. Nilitoka nikiwa nimeuma ulimi hadi damu, kwa sababu nilijua nikipaza sauti mle ndani, ataandika kwenye faili kwamba bado ni mgonjwa. Ukishaugua akili mara moja, hasira yako hupokonywa. Ukikasirika, wanatazamana.

Ilibaki soko. Nilimwambia Mwaitu apike uji, nitakwenda naye.

"Ukienda utakaa kutwa," alisema. "Sitaki mtu wa kuja kuonekana."

Muhula mzima, kila Jumamosi, nilikaa naye juu ya kigogo tangu asubuhi hadi soko lilipovunjika. Niliunywa uji wake mbele za watu, kikombe baada ya kikombe, hadi tumbo likauma. Wapitao walitusalimu kwa adabu, wakaenda kununua chai upande wa pili. Walionunua walikuwa wageni: mwenye lori la mchanga, wauza mbuzi waliotoka Ekalakala. Mwaitu aliwaongezea nusu bila kuuliza, kama zamani.

Wiki ya sita, mama wa mmoja wa wanafunzi wangu alisimama mbele yetu. Alichukua kikombe, akanywa nusu, akatutazama, akamaliza.

"Mwalimu," akasema, "mimi nilikuona dirishani kabla ya ile Jumapili. Ulikuwa unaongea na ubao, watoto hawako. Nilijua wewe ni mgonjwa."

"Ulijua?"

"Nilijua."

"Na ukanyamaza? Siku ile kanisani ukanyamaza?"

"Ningesema nini, na wote wameshamwaga?"

Nilitaka kumrushia kikombe. Mwaitu aliniwekea mkono gotini, akamwongezea yule mama nusu. "Angalau amekunywa," aliniambia baadaye. "Wewe hutosheki."

Sikutosheka, sijatosheka. Uji ule haukurudi kamwe kuwa kama ulivyokuwa. Baada ya mwaka hivi Mwaitu aliacha kuuza kwetu. Alianza kupanda gari la asubuhi kwenda upande wa Lukenya, kwenye machimbo ya mawe, mwanamke aliyepita miaka sitini, mtungi wake miguuni. Wachonga mawe walimpokea. Walimwita Mama Uji, wakapanga foleni na vumbi jeupe nyweleni. Watu wetu walisema, unaona, Mungu amemfungulia mlango. Nilimuuliza kama anapenda kule.

"Huko hakuna anayenijua," alisema. "Hiyo ndiyo raha yake."

Wao waliita baraka. Mimi najua niliyemfukuza sokoni kwake ni mimi, na waliofunga mlango nyuma yake ni wao.

Miaka michache baadaye, elfu mbili na kitu, pumu ilinibana tena vibaya. Hospitalini kijana mmoja wa utabibu alisema hakuna njia, lazima vile vile vidonge, ila kwa siku chache. Nilianza kulia. Mwaitu alikuwa amenisindikiza; sikumwomba, alivaa tu viatu akanifuata. Alivuta kiti akaketi mbele ya yule kijana.

"Hii dawa inamfanya mtu nini kichwani?" akamuuliza, kwa Kiswahili chake cha sokoni.

"Mama, hayo ni mambo ya daktari."

"Hapana. Dawa ni yako, kichwa ni chetu. Sema."

Kijana akasema. Mwaitu akamwambia ayaandike: ni dalili gani, tufanye nini tukiziona, tumwite nani. Hakujua kusoma, kwa hiyo tulipofika nyumbani nilimsomea kwa sauti, mara mbili, naye akaibandika karatasi kwenye ukuta wa jikoni kwa ugali mbichi.

Kila asubuhi kwa siku hizo aliniuliza, "Umelala?" Nikimjibu nimelala, alinitazama machoni kabla ya kuniamini. Siku ya tano nilimfokea. Ilikuwa kwa sababu ya chumvi. Aliitia mara mbili kwenye mboga, nami nikamwambia maneno makali, kwamba anazeeka vibaya. Aliweka mwiko chini taratibu, akanitazama usoni, nami nikajitazama kwa ndani nikitafuta ule ukungu. Haukuwapo.

"Hiyo ni mimi, Mwaitu," nilisema. "Si dawa."

"Najua. Dawa haifoki hivyo." Akachukua mwiko. "Basi omba msamaha."

"Nisamehe."

"Haya, Mwalimu. Niletee maji tuipunguze chumvi."